Mkwe Hapewi Kichungu

Kama unayasoma haya huku ulimi wako umeota utando na maji safi yanakunukia chuma, soma polepole. Ukichoka weka chini, katapike, kisha urudi. Sitakucheka. Mimi nimetapika kuliko wewe, na nimetapikia mahali ambapo mtu mwenye akili zake hathubutu hata kupiga chafya.

Ila kwanza unijue, maana ushauri wa mtu usiyemjua ni kelele. Mimi ni mzaliwa wa Kirushya, wilaya ya Ngara. Shule niliiacha darasa la nne, kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Nilianza na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, naupeleka mpakani Kabanga. Leo nina Fuso, nina mashine za kusaga, nina nyumba ya bati la rangi ambayo ukishuka kwenye basi unaiona kabla hujaliona kanisa. Sikurithi hata mpini wa jembe. Watu husema najisifu. Mtu akitaja mali yake anajisifu, akitaja ya jirani wanamvutia kiti wamsikie vizuri.

Nilikuwa pia na kitambi. Nacho nilikijenga mwenyewe, kwa nyama ya Kabanga na soda baridi, na nilikuwa nikikipiga kofi mbele ya watu kama mtu anavyompiga kofi ng'ombe wake wa maziwa. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichotangulia kufa.

Malaria yangu niliitoa Bisibo, kule Biharamulo, mvua za vuli zilipoanza na watu wakawa wanapanda maharage. Nilikwenda kununua mahindi kwa Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu mkarimu sana. Gari likakwama kwenye tope, ikabidi nilale kwake. Akanipa chandarua. Chandarua kilinuka moshi, samli iliyochacha na mkojo wa ndama. Nikakisukuma ukutani. Mimi ni mtu wa shuka safi.

"Mgeni, mbu wa huku hawana adabu," Masanja akaniambia.

"Watakutana na mimi," nikasema.

Wakakutana na mimi.

Homa ya kwanza ilinikuta Kabanga. Nilinunua kwa kificho dawa mseto ya malaria dukani, nikameza mpaka nilipojisikia mtu, zilizobaki nikaziacha mbele ya usukani wa Fuso, jua likazipika. Nesi alikuja kunisema sana kwa jambo hilo, na wewe utasemwa hivyo hivyo, kwa hiyo meza zote uepuke kelele za manesi.

Homa ya pili ilikuja na senene. Mke wangu Filomena, ambaye watu humwita Mama Deo kwa jina la kifungua mimba wetu, alikuwa anawakaanga uani. Mimi senene ni ugonjwa wangu, nawala mpaka mafuta yanatiririka kwenye viwiko. Siku hiyo harufu ilipoingia sebuleni ilinishika kooni kama mkono wa mtu. Nilitoka mbio, sikufika chooni. Nilitapika juu ya mawe ya uani ambayo niliyaleta kwa gari langu mwenyewe, nikayatazama yale maji ya njano, na kilichonichukiza zaidi si matapishi. Kilichonichukiza ni kuku. Walikuja mbio, wakaanza kula.

"Twende zahanati," Filomena akasema.

"Sikai na mafukara kwenye benchi."

"Basi twende kwa mama."

Mdomo wangu ulikuwa umeshanifunga kabla ya homa kunifunga.

Sikiliza. Mama mkwe wangu, huko huko Kirushya, ni mganga wa majani. Kiangazi kilichopita walikuwa wamekuja wapimaji kutoka mjini, wakiongozwa na kijana mmoja mwenye miwani ambaye kijiji kilimpa jina la Daktari wa Majani. Walitaka kujua kama majani anayowanywesha wagonjwa wa malaria, ya mti mchungu tunaouita mubirizi akichanganya na mengine yake, kweli yanaua malaria au yanamchosha mgonjwa tu mpaka anyamaze. Walichuma, wakayalaza katikati ya magazeti kama nguo za kupiga pasi, wakaondoka nayo. Mimi nikaenda Kabanga kwa wabadili fedha, nikawatangazia kwamba majani ya mkwe wangu yamepanda ndege. Kama yalipanda ndege au yalikwenda kwa basi, sijui. Lakini kuanzia siku hiyo Sabi, mbadili fedha mwenye domo kuliko wote mpakani, aliniita Mzee wa Ndege. Sasa mtu kama huyo anaanzaje kuonekana ananunua mseto dukani? Tena Sabi alikuwa ameshaniona pale Kabanga nimeshika nguzo kwa homa.

"Mzee wa Ndege, unatetemeka? Si ukapande ndege yako."

Kwa hiyo nilikwenda kwa mkwe.

Sasa lazima nikueleze habari ya mkwe, maana wengine mmezaliwa mjini, mnakula sahani moja na wakwe zenu mnapakana mate. Nyumba nyingi za Ngara zimeacha, nyumba ya mke wangu haijaacha. Mama mkwe, mabukwe kama tunavyosema, hulitaji jina lake. Mkikutana njiani unatoka kwenye njia, unasimama kwenye nyasi, yeye anajifunika kanga anapita. Huli mbele yake. Hamsemeshani ana kwa ana. Neno linapita kwa binti yake hata kama mmesimama chini ya bati moja. Na yeye kwako hutoa vizuri tu: ndizi iliyoiva, maziwa, kipande chenye mafuta. Tangu nimwoe Filomena, sauti ya mkwe nilikuwa naifahamu kwa kuisikia ukutani.

Utaratibu wa wapimaji ulikuwa huu. Mgonjwa anaanzia zahanati, anatobolewa kidole. Akikutwa na malaria isiyo kali, na yeye ni mtu mzima, na amekubali, anakwenda kukaa kwa mkwe na kunywa majani mbele ya nesi. Siku ya tatu anatobolewa tena. Akizidiwa wakati wowote, mseto upo kwenye begi la nesi, anapewa bila ubishi.

Kwa hiyo benchi la mafukara nililikalia baada ya yote. Lile benchi lina unyevu. Kila anayenyanyuka anaacha jasho lake, na wewe unaketi juu yake. Kushoto kwangu mama amempakata mtoto anayeharisha, kulia mzee anamenya yai la kuchemsha, taratibu, gamba baada ya gamba, na harufu yake inanijia yote mimi. Kuna ndoo kona ya chumba ambayo kila mtu anajifanya haioni. Inzi wanatoka kwenye ndoo wanakuja kwenye yai, kutoka kwenye yai wanakuja mdomoni kwangu. Nikasema moyoni, mimi mwenye Fuso. Lakini yule mzee, aliponiona kichwa kinaanguka, alihamia sakafuni na yai lake, akasema, "Lala hapo, baba," nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Jina lake silijui. Kama ananisoma, yai lile nimemsamehe.

Kidole kilitobolewa, malaria ikaonekana. Nesi Skola, mama mwembamba asiyecheka, akaniuliza kama kweli nataka majani.

"Dawa ya mkwe wangu wanaigombania wazungu," nikamwambia.

"Sijamwona mzungu hapa. Nimekuuliza kama unataka."

"Nataka."

Mkwe aliwapanga wagonjwa kwenye nyumba ya wageni pembeni ya migomba. Mimi nilipewa chumba changu peke yangu chenye kitanda cha chuma, wengine wakalala kwenye mikeka. Nikaona ni haki. Asubuhi alikuwa akikamua majani nyuma ya nyumba, kwenye mtumbwi ule ule wa mti wa kukamulia ndizi za pombe, kwa nyasi zile zile. Kama hujawahi kuona tunavyokamua: ndizi mbivu zinapondwa na nyasi, yanatoka maji ya kwanza, mazito, hayo ni ya wageni. Kisha makapi yanaongezwa maji na kukamuliwa tena, yanatoka maji ya pili, mepesi, hayo ni ya watoto wasilie. Majani nayo aliyakamua hivyo. Wapimaji walimpa kikombe chenye mstari, kila mgonjwa anywe hadi mstarini.

Mgonjwa mwenzangu mkubwa alikuwa Laurenti, katekista mstaafu, mtu wa utani. Alishika kikombe chake, akafanya ishara ya msalaba, akanywa. Uso wake ulijikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Akatoka nje kwa magoti. Tulimsikia. Mkwe naye alitoka akaenda kuyatazama aliyoyatapika, maana kwake matapishi ndiyo kitabu, anayasoma rangi. Akarudi akasema, "Nzuri." Nilisikia kinyaa mpaka kwenye nyayo. Mtu mzima, mama wa watu, anainamia matapishi ya mwanaume na kusema nzuri.

Kikombe changu Filomena ndiye aliyekileta, kimefunikwa sahani. Nesi Skola akasimama mbele yangu. Nikanywa mpaka mstarini, nikafuta midomo, nikabaki namtazama. Palikuwa na uchungu kwa mbali, kama chai iliyosahaulika jikoni. Basi.

Laurenti alikuwa anarudi kwa kushika ukuta, kamasi zinaning'inia. Akanitazama. "Baba Deo, wewe umeumbwa na nini?"

"Tumbo la mtu aliyelala njaa utotoni," nikamjibu. "Ninyi mmelelewa na maziwa."

"Mimi nimelelewa na mihogo. Hii kitu haiulizi."

Jioni hivyo hivyo, kesho yake hivyo hivyo. Wao wanatapika kama mifereji, mimi nakunywa kama mtu aliyekaribishwa. Niliwacheka. Niliwaambia malaria inaona mtu wa kumwonea. Lakini mwili wangu haukuwa na habari na maneno yangu. Wenzangu walipomaliza kutapika walilala usingizi, mmoja akaomba ugali. Mmoja mwingine homa haikushuka, nesi akamtoa bila kelele akampa mseto. Mimi nilikuwa natoa jasho lenye harufu ya betri kuukuu. Mkojo wangu uligeuka rangi ya chai ya rangi. Nilipovaa suruali niliona mkanda umeishiwa matundu. Filomena aliifunga kwa kamba ya mgomba, mimi, suruali ya kitambaa niliyoshonewa Mwanza, imefungwa kama mzigo wa kuni. Kitambi kilikuwa kimeteremka kikawa ngozi tupu, kinaning'inia kama mfuko uliomwagwa maharage. Nilikishika nikasikia kichefuchefu kwa nyama yangu mwenyewe.

Na mkwe alikuwa akiuliza hali, kama ilivyo desturi. Anasimama nje ya ukuta, Filomena anatoka kumjibu, mimi nasikia yote.

"Filomena, mgonjwa wako kaamkaje?"

"Kaamka salama, mama. Anashukuru."

"Kichungu hakijamsumbua?"

"Hata kidogo. Anasema ni kizuri."

Nilikuwa nimeng'ata shuka meno yasigongane. Nilisema nini mimi? Sikusema kizuri wala kibaya, sikuwa na sauti. Lakini binti atamwambiaje mama yake kwamba mkwe anaoza ndani? Na hata ningekuwa na sauti, ningepayuka vipi ukutani kwa mama mkwe kwamba dawa yako hainifai? Kwetu ni heri ufe umenyamaza, halafu watu waseme marehemu alikuwa na adabu.

Asubuhi ya tatu Nesi Skola alinikuta naongea na Fuso. Filomena anasema nilikuwa naipangia safari, nikiitukana kwamba imepakia vibaya. Nesi alitazama macho yangu, akatazama kiganja changu, akanitoboa kidole, hakusubiri hata kikauke. Alisema, "Hospitali, sasa hivi." Nikapakiwa kwenye gari langu mwenyewe, nyuma, juu ya magunia, kama mzigo wa watu.

Hospitali sitaieleza sana, nawe utaiona. Walinidunga sindano kwenye mshipa, wakanitundikia dripu, na kila nilipofumbua macho kulikuwa na mtu anayenitazama kama anayekadiria ng'ombe mnadani. Mdogo wangu Zakayo alikuja, akainama karibu.

"Kaka, ufunguo wa gari uko wapi? Isije ikatokea lolote."

"Lolote gani?"

"Lolote tu."

Nikamtemea mate. Hayakufika, yakaangukia kidevuni kwangu, Filomena akayafuta. Wodini kuna choo kimoja ambacho mlango wake haufungi, na unaingia umemshika mtu bega huku mkono mwingine umeinua chupa ya dripu, halafu unaona waliokutangulia walifanya nini humo. Niliwahi kujiuliza binadamu ni nini hasa. Ukiingia kile choo unapata jibu.

Lakini sindano zilifanya kazi. Nakuandikia wewe unayeogopa sindano: zilifanya kazi. Siku homa iliposhuka, Filomena aliniosha miguu kwa maji ya moto, kidole kimoja kimoja, na mpaka leo nikichoka nakumbuka yale maji.

Na siku hiyo hiyo ndiyo Daktari wa Majani alikuja wodini. Alikuwa na chupa ya dawa iliyobaki chumbani mwangu, na chupa nyingine ya Laurenti. Yule kijana huonja kila kitu, nadhani hata dawa ya viatu angeionja. Alionja ya Laurenti, macho yakamtoka machozi. Akaonja yangu, akatulia.

"Hii ni maji," akasema. "Nani ameichanganya?"

Wote wakamgeukia Filomena. Yeye ndiye aliyekuwa akileta kikombe. Sasa mimi na udhaifu wangu wote nikapata nguvu ya kukasirika. Nilimwambia maneno mke wangu mbele ya wodi nzima. Nilimuuliza kama ameshakubaliana na Zakayo habari ya ufunguo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa kimya, kwa yale machozi ya mtu aliyechoka kuliko aliyetukanwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akazima redio yake ili asikie vizuri.

Hapo ndipo tuliposikia sauti dirishani.

Mkwe alikuwa amekuja kwa miguu mpaka barabarani, akapanda basi, yeye asiyepanda magari. Hakuingia wodini, angeniona nimelala. Alisimama nje, ametupa mgongo, kanga kichwani hadi machoni. Alisema na binti yake, mimi nikiwa hapo hapo.

"Filomena, acha kulia. Mwambie mumeo hukuchanganya kitu. Mimi nilimpa maji ya pili."

"Maji ya pili yapi, mama?"

"Ya kwanza niliwapa wengine. Makapi nikayaongeza maji, nikakamua, hayo ndiyo yake. Mkwe hapewi kichungu. Mama yangu hakumpa baba yako kichungu mpaka anaingia kaburini. Nimtapishe mkwe wangu, kisha niende kumwangalia alichotoa? Ningekaa wapi mimi kijijini?"

Daktari wa Majani akasogea dirishani, amevua miwani. "Bibi, si tulikubaliana wote wapate sawasawa?"

"Wote wamepata sawasawa," mkwe akasema. "Mkwe si wote."

Nililala pale nikatazama dari. Basi lile tumbo la chuma nililowaringia watu lilikuwa limekunywa maji ya kusuuzia majani. Mkwe alinipa maji kwa kuniheshimu. Mke wangu akasema naendelea vizuri kwa kumheshimu mama yake. Mimi nikanyamaza kwa kuwaheshimu wote wawili. Malaria peke yake ndiyo haikumheshimu mtu. Nimechukizwa na mengi katika maisha yangu, wezi wa mizani, madereva wanaonyonya dizeli, lakini sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na adabu siku ile. Ilikuwa inaniua kwa magoti yaliyokunjwa.

Filomena sikumwomba radhi kwa maneno. Alileta uji, nikaunywa wote, nikalamba na kijiko. Akaelewa. Kisha akacheka, maana uji ulinibaki kwenye ndevu.

Nilirudi nyumbani wakati maharage yanang'olewa. Nilitembea uani na fimbo, watoto wangu wenyewe wakinipisha kama mgeni. Daktari wa Majani alipita kunijulia hali, akaniambia wamenitoa kwenye hesabu yao.

"Kunitoa mimi?"

"Hukunywa dawa tunayoipima, mzee. Huwezi kuhesabika umepona nayo wala imekushinda."

Sijawahi kutolewa hata kwenye foleni. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa Kabanga. Nilipofika huko kiangazi kilipoanza, nimevaa suruali mpya ya mtu mwembamba, Sabi alinipokea mbele ya wenzake.

"Mzee wa Ndege amerudi nusu. Tumesikia dawa ya mkwe wako ni maji ya vyombo, imekaribia kukuzika."

Wakacheka. Habari ilikuwa imeenea hadi vijiji vya ng'ambo ya mto. Mtu akipata homa Kirushya anaambiwa usiende kwa yule bibi, alitaka kumuua mkwe wake mwenye mali. Wagonjwa walikoma kuja. Wapimaji nao bila wagonjwa hawana cha kupima, wakaanza kusema watahamia kwingine. Filomena aliniambia mama yake haendi hata misa, mtumbwi wa kukamulia ameufunika gubigubi ukutani. Mwanamke aliyewakamulia watu majani tangu hajazeeka, jina lake limegeuka maji ya vyombo kwa sababu ya tumbo langu. Hilo sikulivumilia. Mimi jina nililijenga kwa mkungu mmoja mmoja, najua linavyobomoka.

Jumapili moja Daktari wa Majani aliwaita watu uani kwa mkwe awaage. Nikaenda. Watu walikuwa wengi, Laurenti yupo, Nesi Skola yupo, hata Sabi alikuja na pikipiki kuona mwisho wake. Mkwe alikuwa mlangoni kwake ametupa mgongo. Mimi badala ya kusimama kwenye nyasi, nilipita katikati ya uwanja mpaka nilipofika nyuma yake.

"Mama, shikamoo."

Kuku tu waliendelea na kazi yao. Alijikunja ndani ya kanga yake mpaka nikadhani nimemuua.

"Marahaba," akasema, akiuambia mlango.

"Naomba unikamulie. Maji ya kwanza."

"Filomena, mwambie mumeo sina."

"Mama, usimwambie Filomena. Niambie mimi."

Nesi Skola akaja mbio. "Baba Deo, wewe si mgonjwa. Hata ukinywa, hiyo haipimi chochote."

"Sipimi malaria, nesi. Napima maneno ya watu."

Mkwe alikataa, akakataa tena, mwisho akaufunua mtumbwi kwa hasira, akakamua huku ananung'unika kwa Kihangaza chetu maneno ambayo sitayaandika. Kikombe alikiweka chini, akasogea. Nikakiokota. Yalikuwa ya kijani ya giza, na povu juu kama la sabuni. Niliyameza hadi mstarini kwa mkupuo mmoja, kwa kujua Sabi ananitazama.

Ndugu yangu, sijui nikueleze nini. Ule uchungu hauko mdomoni. Unaingia nyuma ya macho, unashuka kwenye mbavu, unakukuta hadi kwenye dhambi. Fikiria umelamba nyongo ya ng'ombe, kisha masizi, kisha soli ya kiatu cha mtu mwenye fangasi. Nilitaka kugeuka nikimbilie migombani. Miguu ilikataa. Nikatapika pale pale, mbele ya kijiji kizima, juu ya miguu ya mama mkwe wangu.

Mkwe alitazama miguu yake. Kisha taratibu akainama, kanga ikamwanguka mabegani, nikauona uso wake kwa karibu kwa mara ya kwanza: ana pua ya Filomena, na kovu dogo kwenye kidevu ambalo sikuwahi kulijua. Aliyasoma matapishi yangu kama alivyoyasoma ya wengine. Akainua macho, akanitazama mimi mwenyewe.

"Nzuri," akasema.

Akanipa kata ya maji kwa mkono wake.

Laurenti alisema kwa sauti ya kanisani, "Tumbo la chuma limepata kutu," na uwanja ukaanguka kwa kicheko. Sabi alicheka kuliko wote, lakini Jumatatu yake Kabanga alikuwa akimsimulia kila mtu kwamba ile kitu si maji, ameona kwa macho yake. Wapimaji wakafungua tena begi.

Majibu ya majani bado hayajaja. Daktari wa Majani anasema yanaweza kuwa dawa, yanaweza kuwa uchungu mtupu, ndiyo maana yanapimwa. Kwa hiyo mimi ukisikia nina homa leo, utanikuta kwenye lile benchi lenye jasho, kidole nimekinyoosha, na nikipewa mseto nameza hadi kidonge cha mwisho. Kitambi kinarudi, kimefika nusu.

Nawe unayeugua, usimfichie mtu hali yako, hata awe mkweo. Ukiulizwa umeamkaje, sema ulivyoamka. Ukitaka kutapika, tapika. Filomena alimwaga kiganja cha majivu juu ya matapishi yangu pale uwanjani, akafagia, mambo yakaisha. Kaburi langu, kwa mwili huu, hata bila kitambi, wangelichimba mpaka jioni.